Hakulala, Usingizi Ulimpitia: Maradhi ya Usingizi na Lugha ya Kuyaeleza Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi methali hii hutumiwa kwa ndoa ya mtu, kazi yake au ujirani wake. Katika makala haya tunaichukua katika maana yake ya karibu kabisa, yaani kitanda, kulala, na taabu ya mtu ambaye kulala kwenyewe kumemgeukia maradhi.

Tuchukulie mfano wa mwalimu kijana wa shule ya msingi mjini Lodwar, mwenye umri wa miaka 24. Kila siku, ifikapo saa nne asubuhi, kope zake huwa nzito kana kwamba hakulala usiku kucha, ilhali alilala. Amewahi kusinzia akiwa amesimama ubaoni, chaki ikamponyoka mbele ya wanafunzi. Wenzake wakisimulia kisa cha kuchekesha, naye akicheka, magoti humlegea akaanguka chini, na huku anasikia kila neno linalosemwa. Usiku huamka akashindwa kuinua hata kidole, akahisi kuna mtu amemkalia kifuani. Mwalimu mkuu amemwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Mama yake anashuku kuwa mwanawe amefanyiwa ubaya. Baada ya miaka sita ya kuhangaika, daktari katika hospitali kubwa ya mbali anamwambia kuwa ana maradhi yaitwayo narkolepsia. Kijana anarudi Lodwar kwa basi la usiku, mfukoni ana karatasi iliyoandikwa Kiingereza kitupu. Swali linalomkabili njia nzima ni moja: atawaambia nini watu wa nyumbani?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila dalili iliyotajwa ni dalili halisi ya maradhi hayo, na swali la mwisho ni la kila mgonjwa wa aina yake. Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yanaeleza maradhi yenyewe na namna ya kuishi nayo katika mazingira ya Turkana, hususan Lodwar na Kakuma. Pili, yanajaribu kuonyesha kuwa Kiswahili kina sehemu katika tiba hii, na kwamba sehemu hiyo ni jukumu letu sisi tunaokisoma na kukifundisha.

Usingizi wa kawaida

Kwa muda mrefu wataalamu waliuona usingizi kama kuzimika kwa ubongo, mfano wa taa iliyopulizwa. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kuwa sivyo. Waligundua kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope na ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Hicho ndicho kipindi cha ndoto nyingi. Leo inajulikana kuwa mtu mzima hupita katika mizunguko ya dakika 90 hivi: huanza na usingizi mwepesi, hushuka katika usingizi mzito, kisha hupanda kwenye usingizi wa ndoto, na mzunguko huanza tena. Katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegezwa kabisa, isipokuwa michache kama ile ya macho na ya kupumulia. Lau si ulegevu huo, mtu aotaye anakimbizwa na fisi angetoka mbio kitandani.

Inafurahisha kuona kwamba Kiswahili kilikwisha kuyatambua mengi ya haya kabla ya maabara. Mtu husinzia, hupata lepe la usingizi, huwa katika hali ya mang'amung'amu, si macho si usingizini, hulala fofofo, hulala usingizi wa pono, yule samaki wa baharini anayesifika kwa kulala. Akiota huweweseka, na ndoto ikiwa mbaya husemwa kuwa ameingiwa na jinamizi. Maneno haya yana ngazi zake, na tabibu anayeyajua hupata habari nyingi kutoka kwa mgonjwa kuliko yule anayeuliza tu, "Unalala vizuri?"

Narkolepsia ni nini?

Jina hili lilitolewa mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Jean-Baptiste-Édouard Gélineau. Chanzo chake hakikujulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yaligundua kemikali ya ubongo ambayo wengine huiita oreksini na wengine hipokretini. Mwaka 2000 ikadhihirika kuwa wagonjwa wa narkolepsia yenye kuanguka kwa kicheko wamepoteza sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza kemikali hiyo. Seli zenyewe ni chache, nazo hukaa katika sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Ushahidi mwingi unaonyesha kuwa kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoziharibu.

Kazi ya oreksini inaweza kufananishwa na mlinzi wa zamu kwenye lango la zizi. Akiwapo, mifugo hutoka asubuhi na kuingia jioni kwa wakati wake. Akiondoka, lango hubaki wazi: mifugo huingia na kutoka ovyo, usiku na mchana. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa. Tatizo lake si kwamba analala saa nyingi kuliko watu wengine, kwani akijumlisha saa zake zote huenda zikalingana na za jirani yake. Tatizo ni kwamba usingizi humwingia mchana bila ruhusa, na usiku humtoka bila taarifa.

Tukilielewa lango hili, dalili zote zinaelezeka. Mtu wa kawaida huchukua saa moja na nusu hivi kufikia usingizi wa ndoto. Mgonjwa wa narkolepsia huweza kuufikia ndani ya dakika 15. Kwa hiyo huanza kuota kabla hajapotelewa na fahamu, akaona watu chumbani au kusikia sauti zikimwita. Ule ulegevu wa misuli ambao ni wa ndotoni humjia mchana anapocheka, anaposhangaa au anapokasirika. Hali hiyo huitwa katapleksia. Nao ukichelewa kuondoka wakati akili imekwisha kuamka, mtu hujikuta hawezi kusogea wala kupiga ukelele.

Hali hii ya mwisho huwapata pia watu wengi wasio na maradhi yoyote, na jamii zetu zinaijua tangu kale. Pwani huitwa jinamizi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na kufika Unguja, watu walisimulia kushambuliwa usiku na kitu kilichowakandamiza kitandani, na wapo waandishi waliolinganisha simulizi hizo na ulegevu huu wa usingizini. Kwa Waturkana, ndoto ina heshima yake. Emuron, yaani mwaguzi, huaminiwa kupokea ujumbe wa Akuj, Mungu, kwa njia ya ndoto. Kijana anayeona watu mlangoni mwa usingizi anaweza basi kufasiriwa kwa namna ambayo daktari wa mjini haitarajii. Si kazi ya makala haya kubishana na imani ya mtu. Ila ni muhimu mgonjwa na jamaa zake waambiwe kuwa maono yanayokuja hasa wakati wa kuingia au kutoka usingizini, pamoja na kusinzia mchana na kulegea kwa kicheko, ni dalili zinazokwenda pamoja, nazo zina dawa ya kuzipunguza.

Narkolepsia huwapata watu wachache, wanaokadiriwa kuwa takriban mmoja kati ya kila 2,000. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 10 na 30, wakati ambapo kijana yuko shuleni au anaanza kazi. Si ajabu basi kuwa jina la kwanza analopewa ni mvivu.

Maradhi yanayofanana nayo

Jina likikosekana, watu huazima la karibu. Hapa ndipo makosa huanza, nayo yana madhara.

Jina la kwanza linaloazimwa ni malale. Maradhi haya huletwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Kati ya mwaka 1900 na 1920 yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na kumbukumbu yake imebaki katika lugha nyingi za eneo hili. Mgonjwa wa malale pia husinzia mchana na kukesha usiku, lakini huwa na homa, huumwa na kichwa, hudhoofika, na asipotibiwa hufa. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini aliripotiwa mwaka 2009. Kumwita mwenye narkolepsia mgonjwa wa malale ni kuwafanya majirani wamwogope bure, kwani narkolepsia haiambukizi.

Jina la pili ni kifafa. Mtu akianguka ghafla, watu husema ni kifafa. Lakini mwenye katapleksia hapotewi na fahamu, hang'ati ulimi, na baada ya dakika moja au mbili huinuka na kuweza kusimulia yote yaliyosemwa. Kinyume chake, kuna kifafa kinachofanana na kusinzia. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliwaona Mahenge, Tanzania, watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia. Maradhi ya namna hiyo yalikuja kushuhudiwa pia Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Hicho ni kifafa, nacho hutibiwa kwa dawa za kifafa. Kwa kuwa wakimbizi wengi wa Kakuma wametoka Sudan Kusini, mkalimani anayetafsiri kila kuinama kwa kichwa kuwa "kusinzia" anaweza kumpeleka mtoto kwenye tiba isiyo yake.

Tatu ni kukoroma. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini yupo anayekoroma, kisha akanyamaza kimya kwa sekunde kumi au zaidi, kisha akavuta pumzi kwa kishindo, na hali hiyo ikajirudia mara nyingi usiku kucha. Huyo njia yake ya hewa huziba anapolala. Maradhi yake ni apnea ya usingizi. Asubuhi huamka na kichwa kinachouma, na mchana husinzia. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Australia walitangaza tiba ya mashine inayosukuma hewa puani ili njia isizibe. Mashine hiyo huhitaji umeme usiku wote. Lodwar kwa miaka mingi imetegemea mitambo yake yenyewe isiyoungana na gridi ya taifa, na katika kambi ya Kakuma nyumba nyingi hupata umeme wa jua au wa jenereta za watu binafsi, kwa hiyo shauri la betri halina budi kufikiriwa mapema. Kulala kwa ubavu, kupunguza uzito na kuacha pombe husaidia pia, navyo havihitaji umeme.

Nne, na pengine lililo zito zaidi Kakuma, ni kukosa usingizi kwa sababu ya kiwewe. Kambi hiyo, iliyoko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992. Miongoni mwa waliofika kwanza walikuwa maelfu ya wavulana waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Sudan hadi Ethiopia, kisha wakakimbia tena hadi Kenya. Tangu hapo wamekuja Wasomali, Wakongomani, Warundi, Waethiopia na wengine. Mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa usiku anaweza kuuogopa usiku kwa miaka mingi. Huyu hapitiwi na usingizi, usingizi humruka. Akilala, jinamizi lilelile humrudia, naye huamua kukesha. Tiba yake ya kwanza si vidonge vya usingizi, ambavyo huzoeza mwili vibaya. Ni mazungumzo yenye mpango pamoja na mshauri aliyefunzwa, ambamo mgonjwa hurekebisha mazoea ya kitandani na hujifunza kuisimulia ile ndoto upya akiwa macho, na kuipa mwisho mwingine.

Maswali manane na tatizo la tafsiri

Uhakika wa narkolepsia hupatikana katika maabara ya usingizi, ambako mtu hulazwa usiku mmoja akiwa na nyaya kichwani, kisha mchana hupewa nafasi nne au tano za kulala ili ipimwe kasi ya kuingia usingizini. Maabara za namna hiyo hazipatikani kila mji. Mgonjwa wa Turkana hana budi kusafiri mamia ya kilomita kuelekea Eldoret au Nairobi kumwona bingwa. Mkimbizi, kwa miaka mingi, amehitaji pia kibali cha kutoka kambini. Kwa hiyo kabla ya safari tabibu hutumia kipimo rahisi cha maswali.

Kinachojulikana zaidi ni kile kilichotungwa na Murray Johns wa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 1991. Kina hali nane, na mtu huulizwa ana uwezekano gani wa kusinzia katika kila moja. Hujipa alama 0 hadi 3, na jumla ikizidi 10 huhesabiwa kuwa anasinzia kupita kiasi. Miongoni mwa hali hizo ni kusoma ukiwa umeketi, kutazama televisheni, kuwa abiria katika gari kwa saa nzima, na kuwa ndani ya gari lililosimama kidogo kwa msongamano.

Sasa mfikirie mama mchungaji wa mbuzi kutoka kijiji kilicho kati ya Lodwar na Kakuma. Hasomi. Hana televisheni. Msongamano wa magari hajauona maishani. Akiulizwa maswali hayo yakiwa yametafsiriwa neno kwa neno, atajibu sifuri, sifuri, sifuri, na karatasi itasema kuwa ni mzima. Kumbe kosa ni la tafsiri. Hali alizoziwaza mtungaji ni zile ambamo mwili umetulia na akili haina shughuli kubwa. Turkana kuna hali kama hizo tele: kuketi kivulini ukisuka kikapu kwa majani ya mkoma, kumsikiliza chifu barazani, kungoja zamu kisimani, kukaa kwenye foleni ya mgao wa chakula kambini, kukaa nyuma ya bodaboda katika safari ndefu. Mfasiri anayejua kazi yake hatafuti neno linalolingana, bali hutafuta hali inayolingana, kisha huwaachia watafiti wa tiba waijaribu kama inapima sawasawa.

Kuna mtego mwingine. Katika mazungumzo ya kila siku mtu husema "nimechoka" kwa mambo mawili: mwili kuishiwa nguvu, na macho kutaka kufumba. Kwa daktari hayo ni mbalimbali kabisa. Mwenye upungufu wa damu huchoka, lakini akijilaza si lazima apate usingizi. Mwenye narkolepsia akijilaza hulala papo hapo. Swali la "Je, unachoka mchana?" halitoshi. Linalofaa ni: "Ukikaa kimya mchana, je, usingizi hukupitia bila wewe kutaka?"

Kuishi na maradhi haya

Narkolepsia haijapata dawa ya kuiponya. Mtu huishi nayo, na anaweza kuishi nayo vizuri. Dawa kama modafinili husaidia kukaa macho mchana, na baadhi ya dawa za kutibu sonona hutumiwa kuzuia kuanguka kwa kicheko. Zote hutolewa na daktari. Mwanamke anayetumia modafinili aambiwe kuwa hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba.

Lakini nguzo kubwa ni ratiba. Mgonjwa hulala na kuamka saa zilezile kila siku, na mchana hulala kidogo kwa makusudi, dakika 15 hadi 20, mara moja au mbili. Hapa Turkana ina jambo la kumpa. Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini. Mchana hufika nyuzi 35 na kupita karibu mwaka mzima. Saa sita hadi saa tisa watu na mifugo hutafuta kivuli, na kujinyoosha chini ya mti adhuhuri si aibu. Mwalimu wetu akikubaliwa kulala dakika 20 wakati wa mapumziko ya asubuhi na nyingine wakati wa chakula cha mchana, huenda asisinzie tena darasani. Ni makubaliano yasiyogharimu shule hata shilingi.

Usiku nao una shauri lake. Ili mtu apate usingizi mzito, joto la mwili halina budi kushuka kidogo. Nyumba ya mabati iliyochomwa na jua mchana kutwa hubaki na joto hadi usiku wa manane, ilhali nje hupungua hadi karibu nyuzi 25. Desturi ya kulala nje juu ya ngozi au mkeka ni ya busara, mradi pawe na chandarua, hasa baada ya mvua na kandokando ya mto Turkwel ambako mbu huzidi.

Hatari hazina budi kutajwa waziwazi. Mwenye narkolepsia asipike peke yake kwenye mafiga bila mtu wa karibu, wala asiache kibatari kikiwaka anapoketi. Asiteke maji peke yake katika visima virefu vinavyochimbwa ndani ya laga, wala asivue samaki peke yake Ziwa Turkana. Asiachwe mlinzi wa pekee wa mifugo usiku. Asiendeshe bodaboda wala gari mpaka daktari amhakikishie kuwa hali yake imetulia. Barabara ya Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio imewekwa lami upya katika miaka ya karibuni, na palipokuwa na mashimo ya kumzuia mtu, sasa kuna mwendo wa kasi. Katika safari za kaskazini wapo madereva wanaotafuna miraa ili wasilale. Miraa hufukuza usingizi kwa muda, kisha huuharibu usingizi wa usiku, na kesho yake mtu husinzia zaidi. Kwa mgonjwa ni kulipa deni kwa deni jingine.

Lugha inayomtoa mtu lawamani

Turudi kwa mwalimu wetu na swali lake. Wengi watamshauri aseme: "Nina ugonjwa wa kulala." Kauli hii ina kasoro. Kulala ni kitenzi ambacho mtenda wake ni mtu mwenyewe: "Mwalimu alilala darasani." Msikilizaji huuliza mara moja kwa nini alilala, kana kwamba aliamua. Barua ya onyo iliandikwa kwa sarufi hiyo.

Kiswahili hata hivyo kina sarufi nyingine. Husemwa: usingizi umemchukua, usingizi umemlemea, usingizi umemwiba, amepitiwa na usingizi. Na kwa upande wa pili: usingizi umeniruka, usingizi umepaa. Katika sentensi hizi, usingizi ndio mtenda, na mtu akitajwa ndiye mtendwa. Muundo wa sentensi wenyewe unaonyesha kuwa si yeye aliyetaka. Wala hatukuubuni sisi wala madaktari. Ni lugha ya kila nyumba. Sayansi ya oreksini ilipokuja ikatuambia kuwa seli zinazolinda lango zimekufa, ilithibitisha kuwa kwa mgonjwa huyu sentensi iliyo kweli ni ile ya pili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu ili yajadiliwe. Mosi, jina la kitaalamu narkolepsia libaki, maana ndilo litakalomwezesha mgonjwa kufahamika katika hospitali yoyote, lakini kila mara liambatane na maelezo: maradhi ya kupitiwa na usingizi. Pili, jina malale lihifadhiwe kwa maradhi ya mbung'o peke yake. Tatu, jinamizi litumiwe kwa uangalifu: tabibu aulize kama mgonjwa anamaanisha ndoto ya kutisha au kule kushindwa kusogea, kwa kuwa neno moja hubeba yote mawili, na tiba ni tofauti.

Huenda mtu akauliza: kwa nini Kiswahili, ilhali lugha ya nyumbani Lodwar ni Kiturkana, na Kakuma zipo Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kirundi na nyinginezo? Ni kweli kwamba mama wa mwalimu atafahamishwa vizuri zaidi kwa Kiturkana. Lakini njia ya kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza hadi kwenye masikio yake mara nyingi hupitia Kiswahili. Mhudumu wa afya ya jamii hufundishwa kwa Kiswahili, baraza la chifu husikiliza Kiswahili, na mkalimani wa Kakuma aliyetoka Bukavu hukutana na muuguzi kutoka Kitale katika Kiswahili. Daraja hili likiwa na ufa, ujumbe huanguka kabla ya kufika ng'ambo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haina maana kubwa kwa mgonjwa ikiwa hawezi kutaja maradhi yake kwa lugha hiyo.

Hitimisho

Tumeona kuwa maradhi ya usingizi ni mengi na kwamba kuyachanganya huleta madhara. Tumeona kuwa narkolepsia hutokana na upungufu katika ubongo, wala si uvivu, ulevi au ubaya wa jirani. Tumeona pia kuwa ratiba, kivuli, chandarua na watu wanaoelewa vina nafasi kubwa katika maisha ya mgonjwa, hata kabla dawa hazijafika.

Methali husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wapo wasioficha. Hawana tu maneno ya kuyasema. Wanafunzi wa Kiswahili watokao Turkana, na wale wanaopelekwa huko kwa mafunzo ya ualimu, wanaweza kufanya kazi iliyo wazi: kukusanya maneno ya usingizi katika Kiturkana na lugha za kambini, kuyalinganisha na ya Kiswahili, na kuwapa matabibu tafsiri ya maswali yanayofaa mahali pale. Ni kazi ya muhula mmoja, na matunda yake yataonekana kliniki.

Naye mwalimu wetu, afikapo nyumbani, anaweza kumwambia mama yake hivi: "Mama, silali kwa kupenda. Usingizi hunipitia, kwa sababu kichwani mwangu pale palipokuwa na mlinzi pamebaki wazi. Hakuna aliyenifanyia ubaya, wala sitamwambukiza mtu. Nikilegea nikicheka, nishike tu nisiumie, ninakusikia." Yeyote ajuaye Kiswahili ataelewa, na anaweza kumfasiria bibi kizee aliyeketi kando asiyekijua.